Bando ni jambo la mwisho

Mmeuliza wiki hii: "Ulichagua mtandao wako wa simu kwa kigezo gani?" Najua wengi watataja bei ya bando. Mimi nanunua viazi kwa wakulima wa Njombe na kuvipeleka Dar es Salaam, na bando ndilo jambo la mwisho ninaloangalia.

La kwanza ni pesa. Mkulima anataka alipwe kabla gunia halijapanda gari, tena kwenye laini ambayo wakala wa palepale kijijini anaweza kumtolea. Ni kweli, tangu 2014 makampuni yalianza kuunganisha huduma zao, na leo unatuma mtandao wowote. Lakini muamala ukikwama katikati, huku wanakwambia piga kule, kule wanakwambia rudi huku, na mkulima amesimama anakutazama. Kwa hiyo laini yangu ni ileile wanayotumia wakulima wangu.

Ndiyo maana utaratibu wa kuhama mtandao bila kubadili namba, ulioanza Machi 2017, haujanivuta. Namba inahama, akaunti ya pesa inabaki. Unatoa salio lako kwanza, unafungua akaunti mpya uendako, na miaka yako yote ya kutuma na kupokea haihesabiki tena. Na hiyo miaka ndiyo inayoamua simu itakukopesha kiasi gani! Mama mwenye genge, asiye na hati ya nyumba ya kupeleka benki, akianza upya anapoteza mtaji wa kesho asubuhi. Nafuu ya bando haiwezi kumfidia.

Mnara nao una uzito wake. Halotel walipoingia 2015 walikazania vijijini, na huko wakapata wateja ambao tangazo la redio lisingewapata. Ukihamia mahali, muulize muuza duka wa hapo mtandao gani unashika, hasa kama ni bondeni. Wengi tumeishia na laini mbili, moja ya pesa na moja ya intaneti.

Naomba TCRA, yaani mamlaka inayosimamia mawasiliano, na Benki Kuu walikalie hili pamoja: mteja anayehama apewe haki ya kuhama na kumbukumbu za miamala yake, na mtandao mpya uzitambue anapoomba mkopo. Tukiweza kuondoka bila kupoteza, makampuni yatatuhudumia kwa bidii ile wanayotuonesha siku ya kusajili laini.

Msomaji, Njombe