Mpini Bapa kwa Mashine Nyonge ya Kukereza

SWALI: Nina mashine ndogo ya kukereza mbao niliyoinunua ikiwa imekwisha kutumika, pamoja na patasi tatu. Nataka kutengeneza mipini ya nyundo iliyo bapa kidogo ili isizunguke mkononi, lakini nimeambiwa kwamba kukereza nje ya kitovu, yaani mbao ikizunguka kwenye nukta isiyo katikati yake, kunahitaji chaki maalumu (kifaa cha kuibana mbao kwenye mashine), na bei yake siimudu. Nilipojaribu bila chaki hiyo, kipande kilichomoka na kuruka. Je, niache?

JIBU: Usiache, ndugu fundi. Chaki hiyo inafaa kwa bakuli na kazi nyingine zinazoshikwa upande mmoja tu, lakini mpini hushikwa ncha zote mbili, na kwa kazi ya namna hiyo senta mbili ulizo nazo (zile ncha za chuma zinazoishika mbao mbele na nyuma), penseli na rula vinatosha.

Chagua mbao kavu yenye nyuzi zilizonyooka, isiyo na fundo wala ufa, uikereze kwanza kwenye kitovu chake mpaka iwe mche wa duara wenye kipenyo cha milimita 40. Katika kila ncha piga mstari unaopita kitovuni, kisha utie alama mbili juu yake, kila moja milimita 4 kutoka kitovuni, ukihakikisha kwamba alama ya kwanza ya ncha hii inatazamana na alama ya kwanza ya ncha ile. Ukizikosea, mhimili utakatiza mbao kwa mshazari na umbo litajipinda, jambo linalopendeza katika mguu wa taa lakini si katika nyundo. Halafu chora mistari miwili kwa urefu wa mche, mmoja juu na mwingine chini mstari wa alama ukiwa umelala, yaani kati ya pande mbili zitakazokatwa. Funga mche kwenye alama ya kwanza, ukate mpaka mkato ufikie mistari hiyo, kisha uhamie alama ya pili ufanye vivyo hivyo. Utapata mpini wenye upana wa milimita 40 na unene wa takribani 33, na kingo mbili ambazo utazilainisha kwa msasa mashine ikiwa imezimwa.

Sasa nije kwenye kile kipande kilichoruka, kwa sababu hapo ndipo watu wanapoumia. Mbao iliyofungwa nje ya kitovu ina upande mzito, na upande huo huvuta senta kwa nguvu inayoongezeka mara nne kila kasi inapozidishwa mara mbili. Kwa hiyo hamisha mkanda kwenye puli ya kasi ndogo kabisa kabla ya kuwasha, na kama mashine bado inatetemeka, punguza umbali wa alama zako badala ya kuvumilia. Mfuko wa mchanga juu ya miguu ya mashine nao husaidia sana. Zungusha kazi kwa mkono mzunguko mzima ili uone kwamba haigusi tegemeo la patasi, kaza senta ya nyuma, vaa ngao ya uso, na usimame pembeni unapowasha.

Senta ya meno, ile ya mbele inayoiuma mbao na kuizungusha, nayo ina kasoro yake hapa: alama zikikaribiana, meno hurudi kwenye matundu ya zamani. Ikiwa mashine yako ilikuja na senta ya kikombe (yenye ukingo wa duara badala ya meno) isiyojizungukia yenyewe, na shina lake linaingia kwenye kichwa cha mbele, upande wa mota, itumie hapo iendeshe kazi, kwani patasi ikinasa, mbao itateleza na kusimama badala ya kung'olewa.

Wakati wa kukata utaona vivuli viwili, kile kizito cha ndani na kingine hafifu cha nje. Patasi hukutana kwanza na kile hafifu, nacho ni mbao halisi inayokuja na kupotea, kwa hiyo usiisukume patasi ifuate pengo. Ishikilie imara kwenye tegemeo, uiache mbao iijie yenyewe, na uinoe mara nyingi kuliko ulivyozoea.