Mboji yako haijaiva, ndiyo maana mchicha umekuwa njano

Mkuu, umeuliza kama mboji, yaani mbolea ya takataka zilizooza, inafanya kazi kweli au ni maneno ya semina tu, maana tuta ulilolimwagia mboji mchicha umedumaa na kuwa njano, wakati wa jirani aliyeweka urea umestawi kijani. Nakujibu kwa urefu kwa sababu jambo hilohilo lilinikuta hapa Kibada, Kigamboni, nikataka kuacha bustani kabisa.

Mboji yako ni mbichi. Umesema mwenyewe biwi lilikaa wiki tano na uliweka maranda mengi ya seremala. Maranda yana naitrojeni kidogo sana, kile chakula cha mmea kinacholeta kijani, kwa hiyo bakteria wanaoyaozesha huitafuta penginepo. Ukiyafukia kabla hayajaoza, wanaichota kwenye udongo uleule unaolisha mchicha wako, na mchicha unabaki na njaa. Urea ni asilimia 46 naitrojeni, ndiyo maana kwa jirani kijani kimetokea ndani ya siku chache.

Ila usimwonee wivu. Udongo wetu huku ni kichanga: maji uliyomwaga asubuhi, saa sita huyaoni, na mbolea ya dukani inashuka nayo. Masika ikipiga siku mbili mfululizo, ile urea imeshakwenda chini ambako mizizi ya mchicha haifiki. Mboji iliyoiva inashika maji na inashika chakula. Nilikuwa namwagilia asubuhi na jioni, tena maji ya kununua kwa madumu. Msimu wa tatu wa kuweka mboji nikawa namwagilia jioni tu. Kwangu faida kubwa ilikuwa hiyo, kabla hata sijahesabu mafungu niliyouza.

Takataka nazichukua soko la Temeke Stereo, maganda ya matunda na majani ya kabichi, nakodi kirikuu. Kwa ndoo moja ya mbichi naweka mbili au tatu za kavu: nyasi, majani ya mwembe, pumba za mpunga kidogo. Kila tabaka nalinyunyizia samadi ya kuku na maji. Biwi liwe na mita moja kila upande na mita moja kwenda juu. Likiwa dogo halishiki moto.

Na huo moto ndio wa kuufuatilia. Nina kipande cha nondo nakichomeka mpaka katikati ya biwi, nakiacha dakika kumi, kisha nakichomoa na kushika ile ncha iliyokuwa ndani. Siku ya tatu au ya nne haishikiki, unaiachia mara moja. Joto likifika digrii 55 na likakaa hapo siku kadhaa, mbegu nyingi za magugu zinakufa. Nondo ikianza kutoka vuguvugu napindua, ya nje iende ndani. Nondo ikinuka kama mkojo, ongeza kavu. Ikinuka yai viza, maji yamezidi na hewa haipiti. Ukikamata konzi moja na kuikamua, kiganja kilowe bila maji kuchuruzika. Wakati wa masika nafunika kwa makuti chakavu.

Siku ukipindua na moto usirudi tena, bado usiipeleke tutani. Iache mwezi mmoja zaidi. Kwangu jumla inafika miezi mitatu, na mwenye maranda asubiri zaidi ya hapo. Kisha ijaribu: chukua makopo mawili, moja udongo mtupu, la pili udongo na mboji nusu kwa nusu, panda mbegu za mchicha kwenye yote. Ndani ya siku tano utaona. Mboji ikiwa mbichi, miche yake inaota michache na inanyauka. Iliyoiva ni nyeusi, inanukia kama ardhi baada ya mvua ya kwanza, na ganda la ndizi hulitambui tena.

Kwa kichanga naanza na ndoo mbili za lita 20 kwa mita moja ya mraba, nachanganya na udongo wa juu, sentimita 15 hivi. Msimu unaofuata naweka nusu yake, na kila msimu narudia, kwa sababu kwa joto la Dar mboji inaisha haraka.

Kwa sasa usiung'oe huo mchicha. Loweka samadi ya kuku siku chache, zimua mpaka ifanane na chai ya rangi, mwaga shinani, isiguse majani. Ukishavuna, panda kunde hapo: zinajitengenezea naitrojeni kwenye vifundo vya mizizi, na majani yake ni mboga. Mboji iliyobaki irudishe kwenye biwi pamoja na samadi ya kuku na maji, pindua, tafuta nondo. Siku ya nne njoo utuambie imetokaje.