Wasomaji Wauliza: Ripita ya televisheni ya ridhaa ianzie wapi?

SWALI: Mtaalamu wa safu hii, shikamoo. Mimi ni Mtanzania ninayeishi Coventry, Uingereza, na ni mwanachama wa klabu ndogo ya redio ya ridhaa. Tumepewa nafasi juu ya paa la jengo refu, nasi tunataka kusimika ripita ya televisheni ya kidijitali, yaani kituo kinachopokea picha ya mwanachama mmoja na kuirusha upya ili wengine wote waione. Wenzangu wameanza kuchangishana fedha za amplifaya ya wati 50, na mimi nimeombwa kuandika mpango. Nianze na masafa, kibali au vifaa? (S. M., Coventry)

JIBU: Marahaba. Kwanza waombe wenzako wazishike hizo fedha za amplifaya, kwa sababu transmita ndiyo sehemu rahisi ya ripita, na mara nyingi ndiyo inayoziba masikio ya kituo chenyewe. Mpango wako uanze na upokeaji.

Fikiria hesabu ifuatayo. Mwanachama aliye umbali wa kilomita 30 akirusha wati 10 kwenye masafa ya megahezi 1249, mawimbi yake yatapoteza takriban desibeli 124 njiani hata kama hakuna kizuizi chochote (kila desibeli 10 ni mara kumi ya nguvu, kila 20 ni mara mia). Akiwa na antena ya yagi, ile ya vijiti inayoelekezwa upande mmoja, yenye ongezeko la desibeli 15, ninyi mkiwa na antena ya desibeli 6, na nyaya zikila desibeli 3, yatakayofika kwenye risiva yenu yatakuwa desibeli 66 chini ya miliwati moja. Risiva nzuri inayopokea alama milioni 2 kwa sekunde kwa DVB-S2, mfumo wa televisheni ya setilaiti, huweza kufumbua mawimbi yaliyo chini zaidi, karibu desibeli 106 chini ya miliwati, kwa hiyo mna akiba ya desibeli 40. Akiba hiyo ni kubwa, lakini kilima kimoja na safu ya miti yenye majani mabichi vinaweza kuimaliza, na katika televisheni ya kidijitali hakuna picha yenye chenga ya kukuonya kwamba mambo yanaharibika: picha ni safi, kisha inaganda, kisha haipo.

Hivyo, kabla ya kununua chochote kikubwa, chukua ramani yenye mistari ya mwinuko na uchore njia kutoka paa lenu hadi nyumbani kwa kila mwanachama. Baada ya hapo pandisheni antena moja na risiva moja, bila transmita yoyote, mpeleke picha inayopokewa kwenye intaneti, na mkiache kituo hicho kisikilize kwa miezi michache, wakati wa kiangazi miti ikiwa na majani na wakati wa baridi ikiwa haina. Mtajua nani anasikika, na vilevile mtajua ni kelele gani za rada na minara ya simu zinazolizunguka paa hilo. Klabu ya Uingereza ya televisheni ya ridhaa, BATC, ambayo ilianzishwa mwaka 1949, imechapisha michoro ya risiva iitwayo Ryde, inayotumia kompyuta ndogo ya Raspberry Pi pamoja na kipokezi cha MiniTiouner, na kwa maoni yangu hakuna sababu ya klabu ndogo kubuni kitu kipya pale ambapo hicho kinatosha.

Sasa turudi kwenye transmita. Ripita husikia na kusema kwa wakati mmoja kutoka paa moja. Mkirusha wati 10, mtakuwa na desibeli 40 juu ya miliwati, ilhali mawimbi dhaifu mnayotaka kuyasikia yako desibeli 106 chini ya miliwati hiyo. Tofauti ni desibeli 146, na yote inapaswa kuzibwa kwa vichujio, kwa umbali kati ya antena mbili, na kwa nafasi kati ya masafa ya kuingia na ya kutoka. Wati 50 zingeongeza desibeli 7 za tatizo hilohilo. Antena ya kurushia na ya kupokelea zipangwe moja juu ya nyingine kwenye mlingoti mmoja, zikiachana kadiri mlingoti unavyoruhusu, kwa kuwa kuzitenganisha kwa wima kunasaidia kuliko kuziweka sambamba. Waya wa kupandia usiwe mwembamba: mita 10 za RG58, waya mwembamba wa kawaida wa redio, kwenye masafa haya hula zaidi ya nusu ya nguvu yenu.

Amplifaya nayo isitumiwe hadi kikomo chake. Ikisukumwa sana, mawimbi ya kidijitali huota mabega pande zote mbili, yaani huvuja kwenye masafa jirani, na mabega hayo hayazuiliki kwa kichujio kwa sababu yamegusana na mawimbi halali. Ndiyo maana amplifaya iliyoandikwa wati 50 inaweza kuwa ununuzi wa busara, ilimradi itumike kutoa wati 10 tu. Pengine wenzako hawakukosea kabisa.

Kuhusu masafa, ripita nyingi za Uingereza hupokea chini ya megahezi 1260 na kurusha juu ya 1300, kwa kuwa huko ukanda wa ridhaa wa sentimita 23 hufika hadi 1325. Mpangilio huo unaacha makumi ya megahezi ya nafasi kwa ajili ya vichujio. Pia unayaweka mawimbi yenu ya kutoka mbali na setilaiti za urambazaji za Galileo, ambazo mojawapo ya ishara zake iko kwenye megahezi 1278.75. Hilo ni muhimu, kwa sababu Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano ulitoa mwaka 2023 pendekezo namba M.2164 la kuzilinda risiva za urambazaji kati ya 1240 na 1300, na wanaridhaa katika ukanda huu ni watumiaji wa daraja la pili, hawana haki ya kulalamika wakiingiliwa.

Ukishawishika kuruhusu pia kuingia kwa megahezi 437, zidisha kwa 3 kabla ya kukubali, kwa sababu transmita huvuja pia kidogo kwenye mara tatu ya masafa yake: utapata 1311. Mwanachama akirusha kwenye 437 huku akitazama ripita inayotoka karibu na 1311, transmita yake mwenyewe itamfunika. Chagua masafa ya kutoka yaliyo kando ya hapo.

Kasi ya kuingia si lazima ifanane na ya kutoka. Waruhusu wanachama warushe hata alama 333,000 kwa sekunde, kwa sababu kushuka hadi hapo kutoka milioni 4 kunampa mtu faida ya desibeli 11 hivi, kana kwamba wati yake moja imekuwa 12. Upande wa kutoka, tumia milioni 4 kwa mfumo wa DVB-S, ili hata asiye na kifaa maalumu atazame kwa king'amuzi cha kawaida cha setilaiti. King'amuzi hicho husikiliza kati ya megahezi 950 na 2150 kwenye waya wake, kwa hiyo antena ya megahezi 1310 huchomekwa moja kwa moja, bila kichwa cha dishi. Lakini zima ule umeme wa volti 13 au 18 unaopanda kwenye waya, la sivyo antena nyingi zitaufanyia shoti.

Kibali hutolewa na Ofcom, mamlaka ya mawasiliano ya Uingereza, baada ya maombi kupitia RSGB, chama cha redio ya ridhaa cha huko, na lazima awepo mtu mmoja anayewajibika kwa jina, pamoja na wengine wanaoweza kukizima kituo wakati wowote. Jibu huweza kuchelewa, hivyo peleka maombi mapema, wakati sikio lenu likiwa kwenye majaribio. Ongeza bili ya umeme kwenye mpango: kituo kinachotumia wati 100 mchana na usiku humaliza yuniti 876 kwa mwaka, ambazo kwa peni 25 kila moja ni pauni 219.

SWALI: Hapa Mombasa sijui ripita yoyote ya aina hiyo. Je, nisahau? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Hapana, ndugu yangu, kwa kuwa ripita iko juu yako. Setilaiti ya Qatar Es'hail-2, iliyorushwa Novemba 2018, imebeba mitambo ya wanaridhaa iitwayo QO-100, na imesimama nyuzi 25.9 mashariki. Kutoka Mombasa elekeza dishi karibu magharibi kamili, likiegemea kaskazini kidogo, nyuzi 73 juu ya upeo wa macho. Picha hushuka kati ya megahezi 10491 na 10499. Kichwa cha kawaida cha dishi huzigeuza kuwa karibu 741, ambayo iko chini ya uwezo wa king'amuzi chako, kwa hiyo utahitaji MiniTiouner na kompyuta. Tafuta kwanza ile picha ya kudumu ya utambulisho iliyo kwenye 10491.5, lakini kurusha kwako kunahitaji leseni ya ridhaa.