Msalaba wa Darubini Umekaa Upande: Risasi Inakwenda Wapi?

SWALI: Mhariri, pokea salamu zangu. Ninaishi Ottawa, Kanada, na mwaka huu nimejiunga na klabu ya kulenga shabaha inayotumia viwanja vya Connaught. Bunduki yangu ni ya .308 (kipimo cha risasi zake), na darubini niliifunga mwenyewe nyumbani. Katika yadi 100, na hata 300, risasi zangu hukaa pamoja katikati ya shabaha, lakini nikirudi yadi 1,000 leo zinaangukia kushoto, wiki ijayo kulia, hata siku ambazo upepo umetulia. Mwenzangu anasema kosa ni kwamba msalaba wa darubini, yaani nyuzi mbili zinazokatana ndani yake, haulingani na mgongo wa bunduki. Je, kosa dogo hivyo laweza kunitoa nje ya alama?
Msomaji, Ottawa

JIBU: Laweza, ila mwenzako ameshika sehemu isiyo yenye maumivu.

Ili risasi ya .308 yenye uzito wa gramu 11 hivi ifike yadi 1,000, yaani mita 914, wewe uliyeirekebisha darubini katika yadi 100 hulazimika kuinua mtutu kiasi cha kufidia anguko la karibu mita 10. Ukiwa umeinamisha bunduki upande, sehemu ya mita hizo 10 huelekea upande ulikoinamia, ilhali mvutano wa dunia unaivuta risasi chini moja kwa moja. Kwa mwinamo wa digrii 1 tu, risasi hukosa kwa sentimita 17 hivi; kwa digrii 3, hupita nusu mita. Katika yadi 300 anguko la kufidia ni kama sentimita 35, kwa hiyo digrii hizo hizo 3 hazifikishi sentimita 2, nawe huwezi kuziona ndani ya kundi la matundu. Katika mashindano ya F-Class, ya kulenga mbali kwa bunduki yenye darubini iliyoegemezwa, yaliyoanzia huko huko Kanada na kupewa herufi hiyo kwa heshima ya mwanzilishi wake, George Farquharson, duara la alama 10 katika yadi 1,000 lina upana wa sentimita 25 hivi. Digrii 1 inatosha kukutoa humo.

Sasa, kinachotakiwa kusimama wima ni uzi wa msalaba dhidi ya timazi, si mgongo wa bunduki. Tuseme kitako kinakaa vizuri begani ukiilaza bunduki digrii 3, lakini uzi umesimama wima kabisa. Ikiwa darubini iko sentimita 5 juu ya mtutu, mtutu utakuwa umehamia pembeni milimita 2.6, na kosa hilo litakuwa limekua hadi sentimita 2 na kidogo tu katika yadi 1,000. Sioni sababu ya kupoteza usingizi kwa hilo.

Tena, mwinamo usiobadilika ungesahihishwa na risasi zako za majaribio kabla ya kuhesabiwa alama. Kwa kuwa zako hutupwa leo huku, kesho kule, nadhani ni mkono wako unaobadilisha mwinamo kila unapolala chini, na dawa yake ni pimamaji dogo lililofungwa kwenye bomba la darubini.

Hakikisha bunduki haina risasi, toa komeo, kisha ikaze kwenye kishikizo imara. Tundika uzi wenye uzito umbali wa mita 25 au zaidi, na uzito huo uutumbukize ndani ya ndoo ya maji, la sivyo utayumba na kukuchosha macho. Legeza skrubu za pete zinazoishika darubini, zungusha darubini mpaka uzi wa msalaba ufunike ule wa timazi, halafu kaza skrubu kidogo kidogo kwa kupokezana pande, kwa sababu kukaza upande mmoja huiviringisha darubini bila wewe kutambua. Mimi huchungulia kila baada ya robo mzunguko. Hapo ndipo ufunge pimamaji, povu likiwa katikati. Mwisho zungusha kitasa cha kupandisha, kile cha kurekebisha shabaha juu na chini: kitovu cha msalaba kitembee juu ya uzi wa timazi. Kikiuacha, darubini yenyewe ina kasoro, nayo ni kazi ya fundi.

SWALI: Darubini yangu imenyooka kwa timazi, lakini katika yadi 1,000 risasi zinaelekea kulia kila mara. Niizungushe darubini kidogo?
Msomaji, Toronto

JIBU: Usiiguse. Mitutu mingi huizungusha risasi kulia, na mzunguko huo huisukuma kulia, kwa .308 sentimita 20 hivi katika umbali huo. Ifidie kwa kitasa cha pembeni, kile cha kurekebisha shabaha kushoto na kulia, na uuache msalaba umesimama wima.