Miezi tisa bila omeprazoli: vile niliacha

Juzi dada mmoja wa Umoja ameniandikia inbox, anasema amejaribu kuacha dawa ya asidi mara tatu na kila mara siku ya nne kiungulia kinarudi kikali kuliko kile cha kwanza, sasa ameamua yeye ni wa dawa mpaka kaburini. Nilisoma hiyo meseji nikalia, juu huyo nilikuwa mimi.

Mimi nilianza omeprazoli, hiyo dawa ya kupunguza asidi ya tumbo, 2019. Daktari aliandika wiki 8. Wiki 8 tu! Lakini pale kemisti ya steji hawaulizi, unaweka pesa kwa kaunta unapewa, na wiki 8 zikageuka miaka minne. Dawa ilikaa kwa mfuko wa zipu wa kibeti changu, hata kanisani naenda nayo. Hakuna mtu hata mmoja aliwahi kuniuliza, mama, hii unakunywa mpaka lini? Hiyo bado inaniuma.

Kilichonishtua ni miguu kufa ganzi. Kupimwa, vitamini B12 iko chini kabisa. Daktari mwingine akaniambia asidi ndiyo husaidia kutoa hiyo vitamini kwa nyama na mayai, ukiizima miaka na miaka unaweza kuikosa, na magnesiamu pia inaweza kushuka. Halafu akanieleza kitu nataka usikie vizuri dada yangu: wakati unakunywa dawa mwili unazidi kutoa homoni ya kuamsha asidi, sasa ukikata ghafla tumbo linamwaga asidi kupita kiasi, wiki kadhaa, ndio itulie. Huo moto wa siku ya nne si lazima iwe ugonjwa umerudi.

Lakini kwanza aliniuliza kama nimewahi kutapika damu, kama chakula hukwama kooni, kama natumia aspirini ama dawa za maumivu kila siku. Kuna watu hawafai kuacha, dawa inawakinga wasivuje damu, kwa hivyo usikurupuke na hii stori yangu.

Tulishuka pole pole, 40 mg hadi 20, baadaye siku moja ndiyo siku moja hapana. Nilipoacha kabisa, usiku wa tatu saa tisa niko kwa kochi, mito mitatu mgongoni, natafuna antasidi, ile tembe ya kutuliza asidi inasagika kama chaki, mdomo umejaa uchungu, na pakiti naiona pale juu ya friji. Sikuigusa. Asubuhi mzee akaleta mawe mawili ya mjengo akainua kitanda upande wa kichwa, na hapo ndipo nilianza kulala. Chakula cha jioni nacho nikasogeza mapema, na kama jam ya Jogoo Road imenifikisha saa tatu nakula kidogo sana na silali mpaka masaa matatu yapite.

Nimeshinda, na nasema kwa sauti! Na wewe mwenye kubadilishia watu pakiti kwa pesa bila swali, jua unashika miili ya watu.

Dada, kabla ujaribu mara ya nne nenda umwone daktari na pakiti yako mkononi, umuulize nilipewa hii kwa nini na niishushe vipi. Akitaka kupima choo aangalie H. pylori, bakteria ya tumboni inayoleta vidonda, mwambie unakunywa omeprazoli, juu kipimo kinataka wiki 2 bila hiyo dawa ama kitadanganya. Usiku ukikulemea niandikie, hata saa tisa.