Elote, hindi la mtaani la Meksiko: maswali yenu

Elote ni nini, na kile cheupe juu yake?
Ni hindi bichi lililochemshwa au kuchomwa, likachomekwa kijiti kwenye gunzi. Muuzaji, yaani elotero, hulipaka mayonezi au krimu pande zote, akaliviringisha kwenye jibini ya Cotija iliyosagwa, akanyunyiza pilipili ya unga na kulikamulia ndimu. Hicho cheupe ni jibini. Jina limetokana na neno la Kinahuatl, elotl.

Na esquites?
Ni punje zilizopukuchuliwa na kupikwa, mara nyingi pamoja na majani ya epazote (kiungo cha Meksiko chenye harufu kali), kisha zikatiwa viungo hivyohivyo kikombeni. Huliwa kwa kijiko.

Nimetumia mahindi matamu ya kopo, lakini dada yangu aliyewahi kufika Mexico City anasema siyo yenyewe. Nimekosea wapi?
Kwenye mahindi, ndugu yangu. Watu huhangaikia jibini wakasahau hindi lenyewe. Meksiko ndiko mahindi yalikoanzia: wakulima wa bonde la mto Balsas waliyatoa kwenye nyasi iitwayo teosinte, miaka kama 9,000 iliyopita. Huko elote ni hindi la shambani, aghalabu jeupe, lenye wanga, linalotafunika, wala si hilo lenye sukari. Kwa hiyo anayenunua mahindi mabichi sokoni Morogoro au Nakuru yuko karibu zaidi na elote kuliko mwenye kopo. Menya ganda kidogo, bonyeza punje kwa ukucha: ikitoa maji meupe kama maziwa, hilo ndilo. Ikiwa ngumu, liache likauke la unga. Sisi tunaolipaka ndimu na pilipili tukilitoa jikoni tumebakiza mayonezi na jibini tu.

Cotija siipati.
Tumia jibini ya feta. Ina chumvi na inavunjikavunjika vilevile. Chumvi nyingine usiongeze.

Mbona elote imevuma hivyo huko Marekani?
Waliipeleka wahamiaji, wakisukuma vitoroli Los Angeles na Chicago miaka mingi kabla mikahawa haijaiweka kwenye menyu. Jimbo la California lilipitisha mwaka 2018 sheria iliyozuia miji kuwashtaki wachuuzi wa kando ya barabara kama wahalifu. Kabla ya hapo, mama mwenye sufuria la mahindi aliweza kufikishwa mahakamani kwa chakula hikihiki ambacho leo mkahawa unakipigia debe. Naomba anayekisifia huko mkahawani amtafute kwanza elotero wa mtaani kwake, anunue kwake.