Njoo, lakini uliza kwanza nani atakuwa nawe usiku

Mwanangu mpenzi,

Assalamu alaykum. Umeniuliza kama ukiyakatiza mafunzo yako ya udaktari wa watoto huko Uingereza, uje mwaka mmoja kufanya kazi wodini huku Malindi, utafaidika au utaachwa nyuma na wenzako. Nimeuguza watoto hadi kustaafu, basi nakujibu kwa niliyoyaona.

Njoo. Huko mashine hukuhesabia. Huku mtoto wa kikohozi utamfunua kifua, ushike saa, uhesabu pumzi dakika nzima. Wa miezi 2 hadi 11 akifika 50, au wa mwaka mmoja hadi mitano akifika 40, anapumua kwa kasi. Kisha tazama kama kifua kinabonyea ndani.

Tena kuna yale ambayo huko hayangejulikana. Vitabu vilisema mtoto mwenye homa kali na dalili za mshtuko, yaani damu haimfikii vizuri mwilini, atiwe maji mengi ya mshipa upesi upesi. Kathryn Maitland, daktari mtafiti wa hapo Kilifi, na wenzake wakalipima hilo kwa watoto zaidi ya 3,000 wa Kenya, Uganda na Tanzania. Wa kuhara na wa utapiamlo mkali hawakuwamo. Majibu yakatoka 2011: katika saa 48 walifariki kama 7 kwa kila 100 wasiopewa maji ya haraka, na zaidi ya 10 kwa waliopewa. Fikiria daktari mwema, mwenye haraka ya kuokoa, anafungulia dripu. Jambo hili bado linanisumbua moyo.

Ila usidhani uhaba wenyewe hufunza. Nimewaona madaktari vijana wakiachiwa wodi iliyojaa usiku kucha, hakuna mkubwa wa kumuuliza. Walijifunza kukisia, na kukisia kukageuka mazoea. Kwa hivyo kabla ya kukata tiketi, waulize: nani atapita nami wodini kila asubuhi? Nani atapokea simu saa tisa za usiku? Nitapewa mafunzo ya ETAT+, yale ya kumtambua na kumtibu mtoto mahututi upesi, kabla ya zamu ya kwanza? Wakisitasita, tafuta hospitali nyingine.

Na Kigiriama chako kimechakaa. Kinoe na shangazi yako kwa simu, maana mama aliyetoka Magarini na mtoto wa degedege hawezi kungoja mkalimani.

Nitumie jina la hospitali iliyokukubali. Wauguzi wa zamu za usiku wengine nawajua, nitawauliza mwenyewe.

Mamako